Mzani Ulioitwa Shemeji

Vijana wa kiwanja cha ndege waliponiaga nikistaafu walinipa saa ya ukutani na daftari kubwa lenye jalada gumu. Saa niliitundika siku hiyo hiyo. Daftari limekaa mezani miezi mitatu, maana mimi naandika polepole. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu alikuwa akikusanya madaftari wakati mimi bado nipo mstari wa tatu. Lakini vijana walinisihi niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yao, kwa sababu wao wamekuta mzani wa umeme na uzio wa waya. Basi naandika. Anayesoma naye asiwe na haraka.

Nilianza kazi kiwanja cha Nachingwea mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka kijijini kwetu upande wa Likunja, nikiwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nikitumwa chumvi dukani, nikikuta watu wawili wamesimama pale, nilirudi nyumbani na kusema chumvi imekwisha. Mama alijua. Alikuwa anachukua sarafu mkononi mwangu na kwenda mwenyewe.

Mkuu wa kiwanja aliitwa Bwana Likwela, Mmwera mrefu mwembamba aliyevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti.

"Unaweza kukimbia?"

"Naweza."

"Kuliko mbuzi?"

Nikatafakari kama ni swali la kweli. Lilikuwa la kweli: mbuzi walipenda kulala kwenye njia ya ndege. Akanipa baiskeli isiyo na breki, panga na filimbi, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya usafiri wa anga.

Watu wakisikia nilifanya kazi ya ndege, huwa wanatazama juu. Ningependa vijana wajue kwamba miaka yangu yote nilitazama chini. Ndege inaruka kwa sababu ya mambo yaliyoko chini: majani yamefyekwa kiasi gani, mchwa wamechimba wapi, nani ameanika makopa. Kiwanja kile kina njia ndefu na ngumu, na hakuna mahali pengine mjini panapokausha muhogo vizuri kama pale. Kina mama walianika makopa yao tangu asubuhi, wakayapanga mistari mizuri kuliko alama zetu za chokaa. Redio ikisema ndege inakuja, nilipanda baiskeli nikipuliza filimbi, nao wakakusanya polepole huku wakinisema.

"Hiyo ndege yenu inakula muhogo?"

Nilikuwa nainama na kukusanya pamoja nao. Kukusanya kulikuwa rahisi kwangu kuliko kujibu.

Bwana Likwela alinifundisha vitu vitatu ambavyo sikuvisahau. Cha kwanza ni mafuta. Tulijaza ndege kwa pampu ya mkono kutoka kwenye mapipa, na kabla ya yote alikinga kidogo katika chupa ya jamu, akaiinua kwenye mwanga. Maji yakiwepo, yanakaa chini ya mafuta kama shanga. "Mafuta yanajionyesha," alisema. "Maji ndiyo yanayojificha." Chupa ile aliiosha mwenyewe, na hakuruhusu mtu ainywee chai.

Cha pili ni mzani. Kila abiria alipimwa, na kila mzigo. Ndege ndogo haina tofauti na mtu anayebeba mtungi kichwani. Ukiongeza kikombe kimoja baada ya kingine kuna kikombe kitakachomwangusha. Wakubwa hawakupenda kupimwa mbele za watu. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi na tumbo la heshima, akakataa kupanda mzani.

"Andika sabini," akasema.

"Bwana mkubwa," Likwela akamjibu kwa upole, "mimi nikiandika sabini, ndege itaisoma hiyo karatasi?"

Alipanda. Zilikuwa tisini na nane. Likwela aliandika bila kutamka namba, na nadhani hiyo ndiyo adabu ya kazi hii.

Cha tatu ni ishara za mikono. Njoo, geuka, zima injini. Ya kusimamisha ndege ni kuinua mikono miwili juu ya kichwa na kuipishanisha. Ilibidi nijizoeze, lakini niliona haya kufanya hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo nilikwenda nyuma ya ghala la mapipa nikasimamisha ndege ambazo hazipo. Bwana Likwela alinikuta huko wiki nzima na hakusema kitu, ila siku ya mwisho alipita akasema, "Kiwiko kinyooke."

Nilikaa Nachingwea miaka kumi na kitu. Kabla sijahama lilitokea jambo ambalo vijana hupenda nilirudie. Walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, vijana wanne na kamera moja. Walitaka tajiri ashuke kwenye ndege na kuondoka na gari la kasi. Ndege hatukuwa nayo siku hiyo, lakini wao walikuwa wamejitayarisha: walikuja na mlango wa ndege wa mbao nyembamba, umepakwa rangi nyeupe, na ngazi ya kuegemeza. Ukiutazama kwa mbele, ulisafiri. Kwa nyuma kulikuwa na mimi, nimeushika kwa mikono miwili tangu saa nne mpaka saa nane, kwa sababu upepo wa kiwanja haukuambiwa kwamba ni filamu. Gari la kasi nalo lilikuwa zuri sana, jekundu, lakini gia zake ziligoma njiani. Tulilisukuma watu watano. Kijana mmoja wa filamu alikimbia kando akipitisha matawi dirishani ili ionekane miti inapita, na mwenye kamera akaitikisa kamera yake. Bwana Likwela alitazama yote hayo kwa makini, kisha akaniambia, "Wenzetu wana raha. Kwao kitu kikiwa chepesi ndiyo vizuri, na kikionekana kizito inatosha." Filamu yenyewe sikuiona. Waliniambia mkono wangu unaonekana kidogo.

Baadaye nilipelekwa upande wa Ruangwa kuangalia kiwanja kidogo cha nyasi. Hapo nilikuwa peke yangu: kibanda, redio ya mawasiliano, mfuko wa kuonyesha upepo juu ya mti mrefu, na njia fupi. Upande mmoja njia iliishia kwenye kichuguu tulichokisawazisha. Upande mwingine iliishia kwenye mikorosho. Mikorosho ile ilikuwa ya wenyewe, imezaa vizuri, na mwenye shamba alisema ataikata siku ndege itakapoanza kuzaa korosho. Kwa hiyo marubani waliruka kuelekea mikoroshoni wakijua.

Ndege iliyotujia mara nyingi ilikuwa ndogo ya injini moja, iliyobeba wagonjwa na dawa. Rubani wake alikuwa Kapteni Basili, mtu wa mbali, mtaratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa akinisalimia kwa jina. Mimi nilimwitikia nikitazama tairi.

Sasa mzani. Uliokuwepo pale kibandani ulikuwa umeliwa na kutu, mshale wake ulisimama kwenye kilo hamsini ukikataa kwenda popote. Nikaenda kwa mnunuzi mmoja wa korosho, mtu binafsi aliyekuwa na ghala karibu na soko, nikamwomba aniazime wake. Msimu ulikuwa umekwisha, hakuwa na kazi nao. Alinipa bila maneno mengi. Ulikuwa mzani wa chuma wenye kibao cha kusimamia, na juu yake mkono wenye namba na kijiwe cha kusogeza.

Mzani ule watu wote wa vijiji vya huko waliujua. Jina lake lilikuwa Shemeji, kwa sababu shemeji akipita nyumbani kwako hakosi kuondoka na kitu, nawe huwezi kumkatalia. Kwa kila kilo kumi, Shemeji alibakiza moja. Mkulima anayejaza gunia lake mwenyewe analijua uzito wake kama anavyomjua mwanawe mgongoni. Akifika ghalani gunia likapungua, anajua limepungua wapi. Baba yangu aliuza korosho zake hapo. Nilimsikia akirudi anasema, "Shemeji leo kala vizuri." Tulicheka, tukala. Kulalamika kulikuwa hakujafanyiwa mazoezi.

Nami nikaubeba mzani huo kwa mkokoteni mpaka kiwanjani, nikaufuta vumbi, nikaupaka mafuta, nikapimia watu miezi kadhaa. Nataka vijana wanielewe hapa. Sikusahau kwamba unaiba. Nilijua, na kila aliyepanda juu yake alijua. Lakini sisi tulizoea kwamba kilo zilizoibwa zimekwenda. Zimeondoka kwako, basi, hazipo tena. Haikunijia kichwani kwamba kilo za mtu haziendi popote. Kwenye korosho zinabaki kwa mnunuzi. Kwenye ndege zinapanda na abiria. Siku za mwanzo abiria walikuwa mmoja mmoja, ndege ina nafasi ya kutosha, na Shemeji hakudhuru mtu.

Mwaka huo masika yalikuwa makali. Barabara ya kwenda Nachingwea ilikatika mtoni, malori yakalala pande zote mbili. Asubuhi moja nesi wa zahanati, Rehema, alikuja mbio kibandani akaniambia niite ndege kwa redio. Kuna mjamzito kutoka Chinongwe, Zainabu, mimba yake ya kwanza. Uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya, na damu imeanza kutoka. Asipofika hospitali kubwa leo, Rehema alisema, tutawazika wote wawili. Aliongea taratibu kabisa, ndiyo maana niliogopa.

Walimleta kwa machela iliyofungwa juu ya baiskeli mbili. Walikuja na mumewe, Saidi, fundi baiskeli mwenye mikono mieusi kwa grisi, na mama mzazi wa Zainabu, Bi Somoe. Huyu Bi Somoe alikuwa mama wa Kimakua, mfupi, mpana, mwenye ulimi. Alikuja na kila kitu cha kumuuguzia mwanawe: sufuria, mwiko, ndoo, na mfuko wa unga kilo ishirini na tano. Hakuna mama wa huku anayekwenda kwa watu mikono mitupu, hata kama anakwenda wodini.

Kapteni Basili alitua saa tano, akatembea njia nzima kwa miguu, akibonyeza nyasi kwa kisigino. Zilikuwa zimelowa. Akatazama mikorosho, akatazama mawingu yaliyokuwa yanapanda nyuma yake.

"Nina kilo mia mbili na sitini," akasema. "Watu na vitu vyao. Na hapo nimefika mwisho kabisa, kwa ajili ya huyu mgonjwa. Unga hauendi."

"Na watakula nini huko?" Bi Somoe akauliza.

"Mama, unga hauendi."

Akautua mfuko chini kama anayelaza mtoto. Sufuria nayo ikabaki, na ndoo.

Rehema alitaka waende wanne: Zainabu, yeye mwenyewe kwa ajili ya mgonjwa, Saidi kwa sababu damu yake ilikwishapimwa inaingiliana na ya mkewe, na huko itahitajika, na Bi Somoe, kwa sababu mimba ya kwanza bila mama yako, nani atakushika. Tukapima. Zainabu hakuweza kusimama, kwa hiyo Saidi alimbeba mikononi wakapanda pamoja, kisha Saidi akapanda peke yake, tukatoa. Zainabu sitini na tatu. Saidi sitini na moja. Rehema sitini. Bi Somoe alipanda mwisho, nami nikasogeza kijiwe mpaka mkono ukatulia kwenye sitini na saba.

"Sitini na saba?" Akacheka kidogo, ingawa macho yalikuwa kwa mwanawe. "Huyu Shemeji hana haya. Hata mimi mtu mzima ananimega?"

Saidi akacheka. Rehema akacheka. Hata Zainabu pale kwenye machela alitabasamu. Nami nilicheka.

"Shemeji gani?" akauliza Kapteni.

Hakuna aliyemjibu. Ni mambo ya nyumbani, na yeye ni mgeni. Akaongeza sanduku la nesi na nguo, kilo tisa, akajumlisha kwa kalamu yake. Mia mbili na sitini kamili. Akaitazama ile namba kwa furaha, kama mtu aliyeokota funguo zake.

Wakampandisha Zainabu, wakamlaza, wakafunga mikanda. Mlango ukafungwa. Ndege ikaondoka polepole kuelekea upande wa kichuguu ili igeuke. Mimi nilisimama chini ya mfuko wa upepo na ndoo yangu ya mchanga wa kuzimia moto, kama nilivyofundishwa.

Hapo ndipo nilipomsikia tena Bi Somoe. Ananimega. Na nikamwona kichwani mwangu, alivyo, mzima, amekaa ndani ya ndege ile na kila kilo aliyozaliwa nayo na aliyoipata. Shemeji hakummega kitu. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Moja katika kila kumi. Kwa mia mbili na sitini.

Ndege ilikuwa inageuka.

Sitaki kujifanya nilifikiri sana. Nilifikiri kwamba nikiisimamisha nitamchelewesha mgonjwa, na mawingu yale hayasubiri. Nilifikiri kwamba labda nimekosea hesabu, mimi wa darasa la saba, na yule ana kalamu mbili. Nilifikiri kwamba watu wote watanitazama. Hili la mwisho, naona aibu kuliandika, lilikuwa na nguvu sawa na yale mengine. Injini ikapanda sauti. Nikakimbia mpaka katikati ya njia, nikageukia ndege, nikainua mikono nikaipishanisha juu ya kichwa, viwiko vimenyooka.

Ilikuwa imeanza kuja. Niliiona pua yake ikizama breki ziliposhika. Ilisimama mbali kidogo nami, pangaboi likazunguka, likapunguza, likasimama. Kapteni akafungua mlango.

"Una nini?"

Alishuka, akanijia. Hakuwa amekasirika bado. Alidhani nimeona moshi.

"Mzani," nikasema.

"Mzani umefanya nini?"

"Unaiba."

"Unaiba nini?"

"Kilo, Kapteni. Ni mzani wa korosho. Ukiwa na kumi unasema tisa. Ndiyo maana unaitwa hivyo."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Na wewe unajua tangu lini?"

"Wote tunajua."

Hakunipigia kelele. Alikwenda kibandani, akachukua dumu langu la maji la lita ishirini, lililojaa mpaka shingoni, akaliweka juu ya mzani, akasogeza kijiwe mwenyewe. Mkono ukatulia kwenye kumi na tisa kasoro. Akaniambia, kama anajiambia mwenyewe, kwamba maji peke yake ni kilo ishirini, na dumu lina uzito wake. Kisha akaandika mkononi, juu ya ngozi, bila kutafuta karatasi.

"Nimezidisha kilo ishirini na tisa," akasema. Akatazama mikorosho. "Lazima mmoja ashuke."

Aliwaeleza wote pale mlangoni, kwa maneno machache. Saidi aliinuka kwanza. Rehema akamkamata shati. "Wewe ndiye damu yake. Kaa." Yeye nesi mwenyewe hakuweza kushuka. Akabaki mmoja, na hakuna aliyemtaja.

Bi Somoe alikuwa ameshika mkono wa mwanawe. Alisema naye Kimakua, maneno mafupi, siyajui. Zainabu akatikisa kichwa kukataa, akalia. Mama akafungua mkanda, ukamshinda, Saidi akamsaidia. Akashuka kwa kinyumenyume kama anayeshuka ghorofani kwenye ngazi mbovu. Akafungua kanga yake ya juu, akamrushia Saidi ndani. "Mfunike. Huko juu kuna baridi."

Safari hii Kapteni alirudisha mkia wa ndege mpaka ukakaribia kichuguu. Injini ikalia, ikasimama pale pale ikilia, kisha akaiachia. Nyasi zilizolowa zilirusha maji. Nilikuwa nimeona ndege nyingi zikiruka, lakini ile sikuweza kuitazama kwa macho mawili. Ilinyanyuka mwishoni kabisa. Ilipita juu ya mikorosho, na majani ya kileleni yakalala, tukayaona mimi na Bi Somoe yakilala na kuinuka. Kati ya tairi na majani hapakuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Tuliisikiliza sauti ya injini mpaka ikaisha. Ndipo akanigeukia.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Mama..."

"Nimepanda. Nimefunga mkanda. Nimemshika mwanangu mkono, nimemwambia niko hapa. Ndipo wewe unakumbuka? Mimi nilisema pale juu ya mzani. Nilisema, ukacheka."

"Niliona haya kumwambia Kapteni."

"Haya," akasema. Alilirudia neno hilo kama anayelipima mkononi. "Mwanangu angekufa kwa haya zako. Na mimi pamoja naye, nikiwa nacheka."

Nimeandika mengi katika daftari hili, lakini kama kijana wa kazi hii atasoma mstari mmoja, asome huo wa Bi Somoe.

Tulikaa kibandani mbele ya redio. Alikataa kiti, akakaa juu ya mfuko wake wa unga. Mvua ikanyesha, ikakatika. Ilipofika alasiri akainuka, akauliza kuni ziko wapi, akabandika sufuria yake. "Unga umekataliwa kupanda," alisema, "basi tuule." Alinisongea ugali, tukala na mboga ya kisamvu iliyobaki kwangu. Hakunitazama, lakini tonge la kwanza alinikatia yeye.

Redio iliita kabla ya magharibi. Alikuwa Kapteni mwenyewe. Wamefika, Zainabu amepasuliwa, Saidi ametoa damu na amelala kwenye benchi, mtoto ni wa kike na analia vizuri. Nilirudia kila neno kwa sauti ili Bi Somoe asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwulize tena kuhusu mama wa mtoto, maana redio inakwaruza. Nikauliza tena. Yu hai. Nikaulizishwa mara ya tatu. Kapteni alijibu mara zote tatu bila kuchoka, na tangu siku hiyo nilimpenda mtu yule.

Siku ya tatu lori lilivuka mto, Bi Somoe akaondoka na sufuria yake.

Shemeji sikumrudisha mara moja. Sikuwa na mzani mwingine. Lakini kila ndege ilipokuja niliweka kwanza dumu la maji juu yake mbele ya abiria wote, nikasoma kwa sauti, ili kila mtu aone anakosea kiasi gani, ndipo tukaanza. Nikasoma kwa sauti, mimi. Watu walikuwa wakitazama dumu, wakitazamana, wakaondoka na picha yake kichwani. Sikujua wanaondoka na nini.

Msimu wa korosho ulipofika, mnunuzi alituma watu wakachukua mzani wake. Siku ya kwanza ya kununua nilikuwa sokoni natafuta betri. Nikaona msururu mbele ya ghala, na kila mkulima katika msururu ana gunia lake, na kando ya gunia, dumu la maji. Wengine wametoka nalo Chinongwe, kwa baiskeli, maji ya kisima chao wenyewe. Mbele kabisa alikuwa Bi Somoe, na nyuma yake Zainabu, mtoto mgongoni. Dumu la Bi Somoe lilikuwa limekwishapanda juu ya mzani, na gunia lilikuwa bado chini.

Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alionekana kama aliyeamshwa.

"Nimekuja kununua korosho," alisema. "Maji ya nini?"

"Tunamsalimia Shemeji," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, na msururu mzima ukacheka.

"Nani kawafundisha mchezo huu?"

Walijua wote, na hakuna aliyenitaja; walinijua nilivyo, waliniachia njia ya kwenda zangu. Nilikuwa kando, betri mkononi, naweza kupita nyuma ya duka la nguo nikafika kiwanjani bila kuonekana. Bi Somoe aliniona. Hakuniita. Alinitazama tu, kisha akatazama kwingine, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asikuamshe.

Nikavuka uwazi ule wote, watu wote wakinitazama, mpaka mbele ya mzani.

"Mimi," nikasema. "Unasoma kumi na tisa kasoro. Sogeza kijiwe mwenyewe uone."